Mvua Kubwa kwa Kipimo

Mwingereza akizidiwa na mvua husema inanyesha paka na mbwa. Sumbawanga, mkoani Rukwa, utaambiwa kwamba usiku ilipiga mvua si ya kawaida. Kauli zote mbili zinaeleza mtu alivyoiona mvua ilipokwisha kumfika. Ninaowastahi zaidi ni waandishi wa utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, maana wao huieleza kabla haijanyesha, kwa maneno machache yanayomwezesha msikilizaji kuamua la kufanya.

Msingi wa maneno yao ni kipima mvua. Saa 3 asubuhi maji yaliyokusanyika tangu jana yake hupimwa kwa milimita, na milimita 1 ni lita 1 katika kila mita ya mraba. Yakizidi milimita 50 ndani ya saa 24, hiyo ndiyo mvua kubwa. Kwenye shamba la ekari 1, kiasi hicho ni zaidi ya lita 200,000. Neno "kubwa" basi halitoki mpaka lina mzigo wake.

Kisha linakuja suala la mahali, na hapa Rukwa ni mtihani. Uwanda wa Ufipa umeinuka hadi kama mita 1,800. Upande wa mashariki ardhi inaporomoka kuelekea Ziwa Rukwa, upande wa magharibi kuelekea Ziwa Tanganyika, na maziwa yote mawili yako chini ya mita 1,000. Wingu linaweza kumwaga maji juu ya Milima ya Mbizi huku bondeni vumbi likitimka. Kwa hiyo mwandishi huandika "maeneo machache" au "baadhi ya maeneo". Wapo wanaodhani anasitasita. Ukweli ni kwamba ameitazama ardhi hiyo, naye hataki kuwaahidi wote kitakachowapata wachache.

Mwisho hupanga uzito: angalizo, tahadhari, tahadhari kubwa. Hutenga uwezekano wa mvua kutokea na ukubwa wa athari zake, kwa sababu mvua ileile humpata tofauti aliyejenga mlimani na aliyejenga mkondoni. Halafu hutaja athari yenyewe bila kutisha: baadhi ya makazi kuzungukwa na maji. Aliye karibu na mto ameshaelewa ahamishe nini.

Ufipa ina msimu mmoja wa mvua, Novemba hadi Aprili, kwa hiyo kosa la shambani husubiri mwaka mzima kusahihishwa. Mkulima aliyepanga kukuzia mahindi kwa urea akisikia mvua kubwa inakuja, huahirisha, maana maji yangeisomba mbolea na fedha yake. Mvua isiponyesha kwake, bado hajadanganywa: aliambiwa maeneo machache, na uwezekano wa wastani. Utabiri ulioandikwa kwa uangalifu huo, hata ukikosea leo, kesho utasikilizwa tena.