Uso wa Pili wa Santuri: Maneno na Miguu katika Nyimbo za Tabora Jazz

Wahakiki wetu wanapoutazama muziki wa dansi, aghalabu huunakili wimbo karatasini, wakahesabu mizani yake, wakaeleza maana, kisha wakauhukumu kuwa ushairi mzuri au hafifu. Njia hiyo ina faida. Lakini kwa nyimbo za bendi za Tabora, kama vile Kiko Kids, Nyanyembe Jazz na Tabora Jazz, huacha nusu ya kazi nje ya hukumu.

Wimbo wa dansi wa miaka ya 1970 kwa kawaida huwa na sehemu mbili. Ya kwanza huenda polepole, nayo ndiyo yenye kisa. Ya pili ni chemko: magitaa huharakisha, masimulizi hukoma, na wachezaji huitwa uwanjani. Sahani ya santuri ya mizunguko 45 haikuweza kubeba wimbo mrefu katika uso mmoja. Kwa hiyo mara nyingi beti zilikaa uso wa kwanza, na chemko likakaa wa pili. Mwenye kunakili uso wa kwanza tu hudhani ameumaliza wimbo.

Tuitazame lugha yenyewe. Katika beti twakuta sentensi timilifu, viunganishi, na vitenzi vyenye nyakati zinazofuatana. Katika chemko twakuta maneno ya kuita na kuamuru, majina ya watu, na jina la mtindo wa bendi, Segere Matata. Karatasini marudio hayo yaonekana kuwa upungufu. Lakini jina la mtindo halikusudiwi kueleza kitu. Kazi yake ni kuwatambulisha wachezaji kuwa ni wa bendi hii, wala si wa Western Jazz ya Dar es Salaam, ambayo mtindo wake ulikuwa Saboso.

Jambo hili si geni katika nchi ya Unyamwezi. Reli ya Kati, ipitayo Goweko, ilifika Tabora mwaka 1912, ikifuata kwa sehemu kubwa njia ya kale ya misafara. Katika njia hiyo wapagazi waliimba, mmoja akianza na wengine wakiitikia, maneno yakifuata hatua. Sisemi kwamba dansi ilizaliwa na misafara. Rumba ilitujia kutoka Kuba na Kongo. Nasema tu kwamba maneno yanayotumikia miguu yana kanuni zake.

Huko Goweko nilimwona mzee mmoja akiianza santuri ya Tabora Jazz kwa uso wa pili. Nilipomwuliza sababu, alijibu kwamba kisa anakijua, ila kisa hakimwinui kitini.

Hata hivyo, si kila chemko lastahili sifa. Lililo bora huchukua neno moja la kisa, likaligeuza maana kwa kulirudia, hata malalamiko ya mtu mmoja yakawa kauli ya uwanja mzima. Lililo hafifu huorodhesha majina tu, nalo laweza kuhamishiwa wimbo mwingine bila hasara yoyote. Kipimo hicho hawezi kukitumia mhakiki asiyegeuza sahani.