Plastiki Inayobeba na Plastiki Inayobebwa

Vipakatalishi vya kazi vilivyoundwa kwa plastiki rejelezwa huhakikiwa mara nyingi kwa kasi ya kichakataji, uhai wa betri na bei, kisha suala la mazingira likatajwa mwishoni kana kwamba ni sifa ya tabia njema. Utaratibu huo huliacha nje ya uhakiki lile hasa linalokitofautisha chombo. Malighafi ni sehemu ya umbo. Mahali ilipowekwa, mzigo iliotwishwa, na kadiri ilivyoachwa ionekane, yote ni maamuzi ya msanifu, na yote yanasomeka kwa anayetulia. Sisi wa pwani ya Malindi na Kilifi tuna sababu ya ziada ya kutulia. Plastiki ambayo watengenezaji huitangaza kuwa ilikuwa njiani kuelekea baharini hufafanuliwa kwa kawaida kuwa taka iliyo ndani ya kilomita 50 hivi kutoka ufuoni, pale ambapo uzoaji hautoshi. Na ndani ya masafa hayo zimo Mtwapa, Kilifi, Watamu na Malindi yote, masoko na mitaro yake.

HP Elite Dragonfly ilitoka mwaka 2019, ikalengwa kwa watu wa ofisi, na kampuni ikaitambulisha kuwa kipakatalishi cha kwanza duniani chenye plastiki ya namna hiyo. Gamba lake ni la magnesi, la buluu iliyokoza, na toleo lake jepesi halifiki kilo moja. Plastiki yenyewe imo ndani, katika kijumba cha spika: nusu ya kijumba hicho ni plastiki iliyokwisha kutumiwa na walaji, na asilimia 5 ndiyo iliyookolewa isiingie baharini. Mpango huu nauita umbo sitiri, yaani umbo ambalo malighafi yenye habari kubwa huhifadhiwa pasipofikiwa na jicho wala kidole, ikaachwa isimuliwe na tangazo. Si kwamba kusitiri ni kosa. Mafundi wengi wakubwa wamesitiri. Tatizo ni kwamba hapa umbo la nje halidai wala halikiri lolote kuhusu kilichomo. Ukiiondoa asilimia hiyo 5, mstari, uzito, rangi na mguso wa chombo vitabaki vilevile, na kipengele ambacho kikiondolewa umbo halitikisiki hakijaingia bado katika muundo.

Acer Aspire Vero ya mwaka 2021, ambayo ilifuatwa na nduguye wa ofisini, TravelMate Vero, ilichagua njia nyingine. Gamba lake lina asilimia 30 ya plastiki iliyokwisha kutumiwa, vitufe vya kibodi asilimia 50, na halikupakwa rangi. Kijivu chake kimetapakaa vidoa vidogo vya manjano na jivu ambavyo mkono huvipapasa kabla akili haijavieleza. Huu ndio uamuzi ninaoupenda kuliko yote katika kazi hii. Ngozi laini ya mashine za ofisi imekuwa kanuni isiyohojiwa kwa miaka mingi, na kanuni hiyo hudai malighafi ijifanye haina historia. Vero inaikataa, na kukataa huko kunafanyika katika uso mzima wa kazi badala ya kuachiwa kibandiko. Hili ni umbo bayana.

Hata hivyo, ubayana huo unazidishwa mahali pamoja. Vitufe vya R na E vimechapwa kwa manjano, herufi zake zikigeuzwa kinyume, ili vikumbushe wito wa kupunguza, kutumia tena na kurejeleza. Vidoa vilikwisha kusema. Herufi hizi zinarudia kwa sauti ya juu kile ambacho gamba lilinong'ona kwa ustadi, na mwandishi anayetufafanulia taswira aliyokwisha kuijenga hutupunguzia heshima kidogo. Afadhali ile miguu ya manjano nyuma ya kifuniko, ambayo huinua mashine inapofunguliwa: rangi pale ina kazi.

Kipimo cha kazi hizi mbili, lakini, hakiwezi kuwa zenyewe kwa zenyewe. Mwambao huu umewahi kutoa kazi ya plastiki rejelezwa yenye ujasiri mkubwa zaidi, nayo ni jahazi la Flipflopi, lililoundwa Lamu chini ya fundi Ali Skanda na kushushwa majini Septemba 2018. Urefu wake ni mita 9 hivi, na limekula takriban tani 10 za taka za plastiki. Mkuku, mataruma na mbao za ubavu, vyote ni plastiki iliyoyeyushwa, ikamwagwa katika kalibu, kisha ikachongwa na kuunganishwa kwa mikono iliyozoea mbao. Tuzingatie ugumu wa jambo hili. Plastiki hunepa kuliko mbao ngumu na hutanuka kwa joto, kwa hiyo fundi hakuweza kuibadilisha malighafi akaacha kila kiungo kama alivyokirithi; alilazimika kuijua tabia yake mpya ndani ya sarufi ya zamani ya uundaji. Huko ndiko kurejeleza kulikofikia kiini cha umbo. Ondoa plastiki, hakuna jahazi. Ndara 30,000 hivi zilizofunika ubavu kwa rangi zake nyingi ni pambo, naam, wala hazibebi uzito, ila ni pambo lililostahiki, kwa kuwa linatamka juu ya ngozi ukweli uliomo katika mifupa. Januari 2019 jahazi hilo liling'oa nanga Lamu, likatua Watamu na Kilifi miongoni mwa bandari nyingine, na Februari likafika Zanzibar, safari ya kilomita kama 500.

Kutoka hapo tunaweza kuirudia Vero kwa swali kali zaidi: asilimia 70 ya gamba lake ni nini? Ni plastiki mpya. Mifupa bado haijakiri.

Kuna sehemu moja, lakini, ambapo Vero inalikaribia jahazi kimuundo, nayo haionekani kwenye picha za matangazo. Ni skrubu za upande wa chini, za kichwa cha kawaida, ambazo fundi yeyote wa Malindi mjini ana bisibisi yake. Chumvi ya hewa yetu hula viungio vya umeme, na joto huchosha betri; chombo kisichofunguka hapa huwa taka mapema. Jahazi huishi kwa sababu limesanifiwa litengenezwe tena, likivutwa pwani, likakalafatiwa, likarudi majini. Skrubu ile ya kawaida inamkaribisha msomaji wa pili, yaani fundi, aingie ndani ya matini. Elite Dragonfly, ambayo kumbukumbu yake imechomelewa kwenye bodi, imemfungia mlango fundi huyo mahali penye uzito hasa.

Vero, kwa hiyo, ni kazi bora kuliko Dragonfly kwa umbo, ingawa ya pili ina uso mzuri zaidi. Na zote mbili ziko nyuma ya Flipflopi kwa kuwa hazijaitwisha plastiki rejelezwa mzigo wote. Anayenunulia ofisi yake Kilifi au Malindi aulize mambo mawili kabla ya asilimia yoyote: plastiki hiyo inabeba nini, na nani hapa mjini anaweza kukifungua chombo.