Istilahi za Kuondoka: Uhakiki wa Lugha ya Kuwadumisha Wateja

Lugha ya biashara imeingia vijijini kwa njia ya simu, tena imeingia kwa kasi iliyowashinda waundaji wa istilahi. Katika makala haya tunakusudia kuhakiki sehemu moja tu ya lugha hiyo, yaani maneno yanayotumika pale mtu aliyejiunga na huduma ya kulipiwa kwa vipindi anapokaribia kuiacha, au anapokuwa amekwisha kuiacha. Tumeichagua sehemu hii kwa sababu kosa la istilahi hapa halibaki katika kamusi. Humfikia mwananchi mfukoni, na wakati mwingine humfikia akiwa amesimama mlangoni mwa zahanati.

Kwanza tulieleze jambo lenyewe. Shirika linalouza huduma kwa vipindi, iwe bima, umeme wa jua, king'amuzi cha televisheni au kifurushi cha simu, haliishi kwa mauzo ya siku moja. Huishi kwa watu wanaorudia kulipa. Kila mwezi wako wanaoingia na wako wanaotoka, na idadi ya wanaotoka ikizidi, shirika hudhoofu hata kama milango yake imejaa wageni. Ili kupunguza hasara hiyo, mashirika yameanzisha taratibu zinazoendeshwa na kompyuta. Siku kadhaa kabla ya muda kwisha, ujumbe wa kwanza hutumwa. Siku ya mwisho hutumwa wa pili. Asipolipa, jina lake hupelekwa kwa wakala ili afuatwe. Baada ya siku zilizowekwa, huandikwa kwamba amepotea, na pengine hupelekewa punguzo la bei ili arudi. Hakuna karani anayekaa na kuamua hatua hizo moja moja. Kanuni imekwisha kuandikwa, na kanuni hiyo imeandikwa kwa maneno. Hapo ndipo kazi yetu inapoanzia.

Hapa nchini mfano ulio bayana ni Mfuko wa Afya ya Jamii. Mfuko huo ulianza kwa majaribio wilayani Igunga mwaka 1996, ukapata sheria yake mwaka 2001, na mwaka 2018 ukaanzishwa mpango ulioboreshwa ambao kaya ya watu wasiozidi sita katika mikoa mingi ililipa shilingi 30,000 kwa mwaka. Kabla ya hapo, tangu mwaka 2012, mkoa wa Dodoma ulikuwa umeanza kutumia mfumo wa kompyuta wa kusimamia bima hiyo. Mwandikishaji wa kijijini aliwaandikisha wanachama kwa simu yake ya mkononi, na muda wa kaya ulipokaribia kwisha, mfumo wenyewe ulimpelekea mwandikishaji taarifa ili aifuate kaya hiyo. Huo ni utaratibu otomatiki wa kupunguza utokaji kwa maana yake kamili, ingawa waliouendesha hawakuwa wafanyabiashara. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Hivyo basi suala la nani anaendelea kulipa, nani ameacha, na ameacha kwa sababu gani, limekuwa suala la taifa zima.

Sasa tuichukue, kwa mfano, kaya moja ya Titye, katika nyanda za juu za Kasulu na Kibondo mkoani Kigoma. Hatumtaji mtu, tunaieleza hali ya mkulima wa kawaida. Fedha ya kaya hii huja na mavuno: maharage, mahindi, pengine kahawa. Mvua zinapoanza, mnamo Oktoba au Novemba, fedha imekwisha kwenda kwenye mbegu na mbolea, na mahitaji ya shule ya Januari yanangoja. Muda wa bima ukimalizika mwezi Novemba, mkulima huyu halipi. Je, amejitoa? La. Amehamia kwingine? La. Anangoja mavuno. Jirani yake naye halipi, lakini kwa sababu nyingine: alikwenda kutibiwa akiwa na kadi yake, akaambiwa dawa hazipo akanunue dukani, naye akaapa kwamba halipi tena. Daftari la kompyuta likiwa na kisanduku kimoja tu cha wasiolipa, watu hawa wawili hukaa pamoja humo, na mashine huwapelekea maneno yale yale ya kuwabembeleza. Mmoja alihitaji kupangiwa tarehe inayolingana na mavuno. Mwingine alihitaji dawa. Wote wawili wamepelekewa ujumbe.

Wako watakaosema kwamba hilo ni kosa la wahandisi na haliihusu lugha. Hatukubaliani nao. Mhandisi hutenganisha katika mashine vitu ambavyo amekwisha kuvitenganisha katika akili yake, na katika akili vitu hutenganishwa kwa majina. Kiingereza kimewaunganisha wote hao chini ya neno moja, "churn", lenye asili ya kusuka maziwa ili kupata siagi. Mfasiri anayelifuata neno hilo bila kulipima huuchukua mkanganyiko wa wenyewe na kuupanda kwetu. Tena taswira yenyewe haitufai. Wafugaji wetu wanaosuka maziwa kwenye kibuyu wanajua kwamba katika kusuka hakuna kinachotoka nje. Maziwa huzunguka humo humo mpaka siagi ijitenge. Mteja aliyeondoka hayumo tena kibuyuni.

Hali hii inasikitisha zaidi tukikumbuka kwamba Kiswahili si maskini wa maneno ya kuondoka. Katika utumishi tunatofautisha kustaafu, kujiuzulu, kuachishwa na kufukuzwa, na kila mtumishi wa serikali anajua kwamba kila neno lina stahili zake. Mwaka 1985 Mwalimu Nyerere alipoacha urais, Kiswahili kililipokea kutoka Kizanaki neno kung'atuka, kwa sababu kulikuwa na namna ya kuondoka, kwa hiari na kwa heshima, ambayo maneno yaliyokuwapo hayakuieleza vizuri. Lugha iliyoweza kufanya hivyo kwa kiongozi haishindwi kufanya hivyo kwa mkulima wa Titye.

Na sasa tuyapime maneno yanayotumika.

La kwanza ni usajili. Baadhi ya wafasiri hulitumia kwa maana ya kujiunga na huduma ya kulipiwa kwa vipindi. Lakini kwa mwananchi usajili ni jambo la sheria. Laini za simu zilisajiliwa upya kwa alama za vidole, na wasiotimiza sharti hilo walianza kufungiwa Januari 2020. Mtu aliyepitia foleni zile akipata ujumbe kwamba usajili wake umekwisha, atadhani laini yake inafungwa, naye ataharakisha kulipa kwa hofu. Ujumbe wa namna hiyo unaweza kumzuia mtu asitoke, lakini umemzuia kwa kumpotosha. Kujiunga na uanachama ni maneno yanayotosha. Usajili uachiwe sheria.

La pili ni kuhuisha. Neno hili lina mizizi katika uhai, na linakwenda vema na mazoea yetu ya kumwita aliyelipa ada yake mwanachama hai. Kumhuisha mwanachama ni kumrudishia uhai wa uanachama wake, na katika maana hiyo hatuna neno linalolishinda. Taabu ni kwamba siku hizi neno hilo hilo hutumika pia kwa kusahihisha habari: "huisha taarifa zako". Ujumbe mmoja unadai ada, mwingine haudai kitu, na kitenzi ni kimoja. Mtu aweza kupeleka jina la mtoto aliyezaliwa, akaamini kwamba amehuisha, kumbe uanachama umelala. Tunashauri kuhuisha kubaki kwa uanachama na leseni, na taarifa zisahihishwe au ziongezwe.

La tatu ni kubakiza wateja. Mtu hubakiza chakula, hubakiza chenji. Kinachobakizwa ni masalio, nacho hakina hiari. Neno hili linamfanya mteja kuwa kitu kilichosalia sahanini baada ya wengine kuliwa. Kudumisha ni bora zaidi, kwa kuwa kinachodumishwa aghalabu ni uhusiano, kama vile amani au urafiki, na uhusiano una pande mbili.

La nne ni amri ya kutokea. Katika baadhi ya huduma mtu huambiwa atume neno ONDOA. Kuondoa ni kitenzi kinachodai yambwa: aondoe nini? Yeye hataki kuondoa kitu, anataka kutoka. Milango ya kuingilia imeandikwa kwa ufasaha na kwa furaha, "jiunge", "furahia", bali mlango wa kutokea umeandikwa kwa neno lisilokamilika, na wakati mwingine kwa neno la Kiingereza. Hatudai kwamba ni kusudi. Tunasema tu kwamba atakayekosa kuuona mlango atahesabiwa miongoni mwa wateja waliodumishwa, na hesabu hiyo itakuwa ya uongo. JITOE ni neno fupi, na kila mtu analielewa.

La tano ni mteja mwenyewe. Ujumbe huanza kwa "Ndugu mteja". Maneno haya mawili yametoka katika nyumba mbili tofauti: ndugu tulilipata nguvu mpya katika siasa ya ujamaa, na mteja ni wa soko. Hatuoni ubaya wa kuyaweka pamoja, mradi atendewe kama anavyoitwa. Nchini Kenya sauti ya mashine inayotangaza kwamba mteja hapatikani imelipa neno hili maana mpya mitaani: mtu asiyepatikana kwenye simu husemwa yuko mteja. Lugha ya watu imeona jambo ambalo daftari la kampuni halijaona, kwamba mtu asiyejibu si lazima awe ameondoka. Huenda simu haina chaji.

Baada ya kuhakiki, yatupasa kupendekeza. Tunapendekeza utokaji liwe jina la jumla la jambo hili, na chini yake pawe na aina tano, kila moja na hatua yake. Kujitoa: mtu ametaka mwenyewe na amesema, aulizwe sababu mara moja, kisha aachwe. Kuhama: amekwenda kwa mtoa huduma mwingine. Kusita: ameacha kulipa kwa muda, naye ana nia ya kurudi, huyu ndiye mkulima wetu wa Novemba, na mashine imngoje mpaka mavuno. Kukatiwa: mtoa huduma ndiye aliyesimamisha, kama mtambo wa jua wa kulipia kidogo kidogo unavyojifunga siku alizolipia zikiisha. Kulala: muda umepita bila mtu yeyote kuamua, aghalabu kwa kusahau, huyu ndiye pekee ambaye ujumbe wa kumkumbusha unamtosha. Maneno haya yote yako midomoni mwa watu. Kazi iliyobaki ni kuyawekea mipaka.

Tunajua pingamizi litakalotolewa: ujumbe mmoja wa simu una nafasi ya herufi 160, na kompyuta haipendi maneno mengi. Jibu letu ni LUKU. Shirika la umeme lilipoanza kuuza umeme wa kulipia kabla, halikutafsiri jina la kigeni. Lilisema Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo, likafupisha, na leo neno hilo lina herufi nne na linajulikana hata kwa asiyesoma. Tena linasema kweli. Aliyeishiwa umeme wa LUKU hakuitwa aliyepotea. Ameishiwa tu, na atanunua akipata. Ufupi si adui wa ukweli.

Hatuna budi kukiri upande wetu pia. Kifurushi, salio na muda wa maongezi ni maneno mazuri, na yalienea kwa watu kwa njia ya biashara yenyewe, bila kungoja kikao. Baraza likichelewa, istilahi huundwa na anayetaka kuuza, naye huunda kwanza zile za kuingilia. Za kutokea hana haraka nazo. Kwa hiyo za kutokea ndizo zinazotuhitaji. Na tusiishie mjini. Neno bunge lenyewe wataalamu wengi hulitaja kuwa lina asili ya Kiha. Basi kamati itakayokaa kuzijadili istilahi hizi iwaulize pia wasemaji wa Kiha huko Kasulu na Kibondo wanamwitaje mtu aliyeacha chama kwa sababu ya njaa na atakayerudi baada ya mavuno. Tunaamini hawatamwita aliyepotea.

Walimu wanaofundisha uandishi wa barua wawape wanafunzi ujumbe mmoja wa kuhuisha uanachama na kuwaomba wautaje: kinachokwisha ni nini, kinakwisha lini, kinagharimu kiasi gani, na mtu asiyetaka afanyeje. Watumishi wanaopitisha jumbe za mifuko ya umma wazipime kwa maswali hayo hayo manne kabla hazijakabidhiwa mashine, kwa maana mashine ikishakabidhiwa neno, hulirudia kwa maelfu ya watu bila kuuliza kama wamelielewa.