Wimbi la vitanzi 18: safu moja yafanya kazi yote

Kashebere iko mpakani mwa Masisi na Walikale, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, pale milima ya malisho inapoanza kuteremka kuelekea msituni. Shali ya mtoto mchanga wa huko ina maadui wawili, baridi na unyevu. Kati ya mifumo ya lesi iliyo rahisi, unaofaa zaidi ni ule wa mawimbi, ambao wafumaji wa visiwa vya Shetland, kaskazini mwa Uskoti, huuita Old Shale.

Una safu nne tu. Ya kwanza, upande wa uso, ni vitanzi vya uso vitupu. Ya pili, upande wa mgongo, ni vitanzi vya mgongo. Safu ya tatu ndiyo yenye kazi. Katika kila vitanzi 18, fuma viwiliviwili pamoja mara tatu. Kisha zungusha uzi kwenye sindano na ufume kitanzi kimoja, mara sita. Halafu viwiliviwili pamoja tena mara tatu. Ya nne, ukiwa upande wa mgongo, fuma vitanzi vya uso.

Hesabu yake ni nyepesi: sita vimepungua, sita vimeongezeka, upana umebaki uleule. Lakini kupunguza hakukuwekwa jirani na kila tundu linaloachwa na uzi uliozungushwa, kumerundikwa pembeni. Kwa hiyo vitanzi vinainama kuelekea kunakopunguzwa. Safu inapanda penye matundu na kushuka panapopunguzwa. Hapo ndipo wimbi linapozaliwa. Safu ya nne inaongeza tuta upande wa uso, na tuta hilo ndilo linaloupa mfumo unene.

Sasa uzi. Nyuzi nyingi za madukani ni za akriliki, ambazo katika unyevu hukauka haraka kuliko sufu. Tatizo ni kwamba lesi nyembamba hutegemea kulowekwa, kunyooshwa na kubanwa kwa pini ili matundu yafunguke. Sufu hukubali, akriliki husahau mara tu pini zinapotolewa. Ukiigandamiza kwa pasi ya mkaa, inalala bapa moja kwa moja na haiamki tena. Mawimbi haya hayahitaji pasi, kwa kuwa umbo limo ndani ya mpangilio wenyewe wa vitanzi.

Kwa kipimo cha vitanzi 18 kwa sentimita 10, wimbi moja lina sentimita 10. Mawimbi sita ni vitanzi 108. Ongeza vinne kila ukingo, vinavyofumwa uso siku zote ili kingo zisijikunje, vinakuwa 116. Anzia kwa sindano nene kidogo: mwanzo uliokazwa hauwezi kufuata mawimbi.

Hesabu vitanzi baada ya kila safu ya tatu. Ukipata 17 mahali pa 18, kwa kawaida umesahau kuzungusha uzi. Usifumue. Kwenye safu ya nne, inua kwa sindano uzi ulio kati ya vitanzi viwili na uufume. Tundu litakuwa dogo kidogo tu.

Bado tundu ni tundu, na upepo hupita. Panapohitajika joto zaidi, ongeza safu mbili tupu, ya uso na ya mgongo, kabla ya kila safu ya tatu. Mawimbi yatalegea kidogo, matundu yatakuwa machache, na anayejifunza atapata nafasi ya kupumua kati ya safu ngumu moja na nyingine.