Sauti na Ungwana: Uhakiki wa Kazi ya Leonard Mambo Mbotela

Kazi ya msomaji wa habari si rahisi kuihakiki. Mtunzi wa riwaya huhukumiwa kwa maneno yake mwenyewe, ilhali msomaji wa habari huazima maneno ya wengine na kuyatia sauti. Karl-Heinz Köpcke, aliyesoma taarifa ya Tagesschau katika televisheni ya Ujerumani Magharibi tangu 1959 hadi 1987, alijulikana na taifa zima kwa habari ambazo kazi yake ilikuwa kuzisoma. Katika Kiswahili, mfano ulio karibu naye ni Leonard Mambo Mbotela (1940–2025), aliyejiunga na Sauti ya Kenya mwaka 1964. Tofauti ni kwamba Mbotela, pamoja na kusoma habari na kutangaza kandanda, alikuwa na kipindi chake mwenyewe, *Je, Huu ni Ungwana?*, kilichoanza mwaka 1966 na kudumu kwa zaidi ya nusu karne. Jina la kipindi hicho ndilo ufunguo wa kuielewa kazi yake yote.

Katika jamii ya pwani ya kale, muungwana alikuwa mtu huru, kinyume cha mtumwa. Ungwana ulikuwa suala la kuzaliwa kabla ya kuwa suala la tabia. Lakini neno hili lilisafiri na misafara ya pembe na watumwa, likavuka Ziwa Tanganyika na kufika Maniema. Huko Kabambare na Kasongo, alikoweka makao Tippu Tip, wapagazi na askari wa misafara walijiita waungwana, ingawa wengi wao walikuwa watumwa au wana wa watumwa. Lugha yao nayo ikaitwa Kingwana. Majeshi ya Dola Huru ya Kongo yaliiteka Kasongo mwaka 1893 na kukomesha utawala wa wafanyabiashara hao, lakini Kiswahili kilibaki. Hivyo, katika ukanda huo wa kusini mwa Maniema, ulimo Wamaza, mtu aliweza kuwa muungwana kwa usemi, mavazi na mwenendo wake, bila kuulizwa nasaba.

Mbotela alitoka upande wa pili wa historia hiyohiyo. Ukoo wake ni uzao wa watumwa waliokombolewa na kupewa makao Freretown, Mombasa, kijiji kilichoanzishwa na wamisionari wa Kianglikana katika miaka ya 1870. Baba yake, James Mbotela, ndiye mwandishi wa *Uhuru wa Watumwa* (1934), kitabu kinachousawiri uhuru kama tunu iliyoletwa na Waingereza. Mwana hakuuendeleza mtazamo huo wa shukrani. Yeye alilitwaa neno ambalo wahenga wake walinyimwa, akaligeuza kuwa swali na kulielekeza kwa kila msikilizaji, awe mzawa wa mji mkongwe au wa kijiji cha bara. Methali isemayo kwamba muungwana ni kitendo ilipata hapo hadhira ya taifa zima.

Hata hivyo, sifa hiyo haipaswi kuficha udhaifu wa kipindi. Maswali yake yalihusu aghalabu adabu za watu wa kawaida: jirani kwa jirani, mgeni kwa mwenyeji, abiria kwa abiria. Wakubwa hawakuulizwa. Katika miaka ambayo Kenya ilikuwa na chama kimoja tu, kwa sheria tangu Juni 1982 hadi Desemba 1991, utovu wa ungwana wa dola ulipita bila kutajwa katika redio ya dola hiyo. Kwa hiyo ungwana ulibanwa ndani ya adabu, wakati maana yake ya kale, yaani uhuru, ilikaa kimya.

Maana hiyo ilijitokeza yenyewe alfajiri ya Jumapili, 1 Agosti 1982. Askari waasi wa Jeshi la Anga walimchukua Mbotela nyumbani kwake Nairobi, wakampeleka studio na kumlazimisha kutangaza kwamba serikali imepinduliwa. Siku hiyohiyo, baada ya majeshi tiifu kukikomboa kituo, sauti ileile ilitangaza kwamba serikali ya Rais Moi imerejea madarakani. Waasi hawakukosa mtu wa kusoma karatasi. Walichotaka ni imani ambayo wasikilizaji walikuwa wameiweka katika sauti moja kwa miaka kumi na minane. Serikali nayo iliihitaji imani hiyohiyo. Sauti iliyozoea kuwauliza wengine kuhusu ungwana ilijikuta haina hiari, na kutokuwa na hiari ndiko kulikokuwa kinyume cha ungwana katika maana yake ya asili.

Kwa mtazamo huu, udhaifu wa kipindi na tukio la 1982 vina chanzo kimoja: sauti ilikuwa ya mtangazaji, lakini kipaza sauti kilikuwa cha mwenye nguvu. Kosa hilo haliwezi kubebeshwa mtu mmoja aliyesoma huku akizungukwa na bunduki. Mchango wa Mbotela ni kulifanya neno la tabaka kuwa swali la wote, kama waungwana wa Kasongo walivyolifanya kabla yake bila redio. Sehemu ya swali ambayo hakuweza kuiuliza hewani, ile inayowahusu wenye kumiliki kipaza sauti, imeachiwa watangazaji wa Kiswahili waliomfuata, Nairobi hata Maniema.