"Utamaduni wa Tishu" na Miche ya Kakao

Katika maandishi ya kilimo yaliyofasiriwa kwa Kiswahili tumekutana mara kadhaa na usemi "utamaduni wa tishu". Makusudi ya mfasiri ni kutaja njia ya kuzalisha miche maabara: kipande kidogo cha mmea hukatwa, husafishwa kisibaki na vijidudu, kisha huoteshwa ndani ya chupa juu ya chakula cha chumvi, sukari na vichocheo. Lakini msomaji akishaliona neno "utamaduni" hutazamia ngoma na mila.

Kosa hili lina asili yake. Neno la Kiingereza lililofasiriwa limetokana na Kilatini, na huko maana yake ya kwanza ilikuwa kulima na kutunza shamba. Mambo ya akili na jamii yalifuata baadaye. "Utamaduni" wetu haukupita shambani. Umetoka katika Kiarabu, katika shina moja na neno lenye maana ya mji. Hivyo mfasiri ameitwaa istilahi ya mkulima akaipeleka mjini. Waarabu wenyewe hawakufanya hivyo: katika istilahi hii wametumia neno lao la kilimo.

Wengine wamekwepa tatizo kwa kusema "mimea ya maabara". Usemi huu ni mwepesi, na kwa maoni yetu ndio wenye hatari zaidi, kwa kuwa hautofautishi njia hii na uhandisi jeni. Januari 2021 Serikali ya Tanzania ilisitisha majaribio ya mazao yaliyobadilishwa jeni. Miche ya chupani haikuwa katika jambo hilo. Kwa kawaida hutarajiwa kuwa na urithi ule ule wa mmea mama. Mtumishi atakayeandika "mimea ya maabara" kwa yote mawili atamfanya mkulima akatae kisichokatazwa, au apokee asichoelezwa.

Tumfikirie msomaji wa Nambis, katika nyanda za juu za Mbulu. Kwake kakao ni unga wa kopo dukani, na tishu ni karatasi laini ya kufutia mikono. Ukimwambia "utamaduni wa tishu za kakao" umempa maneno matatu, na yote matatu yamempoteza. Hata hivyo jambo lenyewe si geni kwake. Hupanda viazi vitamu kwa marando, na vitunguu saumu kwa punje, wala hangoji mbegu itokane na ua. Anajua kwamba rando hufuata mama yake. Elimu hiyo anayo; kilichokosekana ni istilahi ya kuigusa.

Itaulizwa: ya nini kumhangaikia mtu wa Nambis, ilhali kakao hulimwa Kyela kwenye joto na mvua nyingi? Jibu letu ni kwamba Kiswahili cha waraka ni kimoja. Tena mwalimu wa sekondari aliyeko Nambis husoma biolojia kwa Kiingereza na kuieleza kwa Kiswahili. Yeye ni mfasiri kila siku, bila kamusi mkononi.

Sisi tunapendelea "uoteshaji tishu". "Ukuzaji tishu", unaotumiwa na wengi, haukosei, ila kukuza ni pia kufanya kikubwa, na hapa hatutaki tishu kubwa bali miche mingi. Neno "tishu" lenyewe limekwisha kuzoeleka katika biolojia, na wakulima wa migomba husema "miche ya tishu" bila taabu. Tuliache, tukilieleza mara ya kwanza linapotokea.

Kakao, hata hivyo, hailingani na mgomba, na hapa ndipo wafasiri wetu wanapoteleza bila kujua. Mgomba huoteshwa kutokana na ncha ya chipukizi, ambayo hugawanywa tena na tena. Kwa kakao njia hiyo haikuleta mafanikio makubwa. Wataalamu huchukua sehemu za ua changa, kama vile petali, wakazichochea hadi seli zake zitoe viinitete, ingawa hakuna chavua iliyolifikia yai. Huko Indonesia miche ya namna hii iligawiwa kwa mamilioni katika mpango wa taifa ulioanza 2009. Faida yake ni wazi: aina nyingi za kakao haziwezi kujichavusha, huhitaji chavua iletwayo na visubi kutoka mti mwingine, na hivyo mbegu za tunda moja huzaa miti isiyofanana.

Kiinitete hicho tumekiona kikiitwa "kiinitete cha mwili". Mwili wa nani? Msomaji atadhani ni habari ya tumbo la mama. Twapendekeza "kiinitete tishu", kikabiliane na "kiinitete mbegu" kilichopatikana kwa utungisho. Jozi hiyo ikikubaliwa, mfasiri ataweza kuandika kwamba mche wa mgomba umetokana na chipukizi na ule wa kakao umetokana na kiinitete tishu, na kwamba yote miwili ni mazao ya uoteshaji tishu. Kwa sasa sentensi hiyo haiandikiki bila kuazima nusu yake kutoka Kiingereza.