Vivuli vya Joseph Keppler

Wanaume watano matajiri wamesimama bandarini Marekani, wameinua mikono: wewe, simama hapo hapo! Mbele yao mhamiaji anashuka melini na mzigo wake. Sasa tazama nyuma yao. Vivuli vyao vimebeba mafurushi. Ni wao wenyewe, au baba zao, siku ile walipofika.

Katuni hiyo inaitwa "Looking Backward", yaani kutazama nyuma. Joseph Keppler aliitoa mwaka 1893 katika Puck, gazeti la vichekesho la New York. Naye alikuwa wa kuja: alizaliwa Vienna mwaka 1838, akahamia Marekani akiwa mtu mzima. Puck ya New York aliianzisha 1876 kwa Kijerumani, lugha ya kwao. Ya Kiingereza ikafuata 1877. Hakuogopa wakubwa. Mwaka 1889 alichora Seneti, wenye makampuni wakiwa mifuko minono ya pesa iliyowasimamia maseneta kama watoto.

Uzuri wa "Looking Backward" ni kwamba haiombi huruma. Mgeni halii. Wanaoulizwa swali ni wale wanaofunga njia.

Lakini tusimsifu tu. Mwaka 1882 Keppler huyo huyo alichora nyumba ya kulala wageni, mwenyeji akiwa Mjomba Sam, yule mzee anayesimama badala ya Marekani. Mataifa mengine yanataka kulala. Mwairishi peke yake anafanya fujo, na sura amepewa ya nyani. Waairishi nao walikuwa wahamiaji, tena wengi wao walikimbia njaa. Wahenga walisema nyani haoni kundule. Safari hii nyani hakuwa yule wa kwenye picha.

Tofauti ya katuni hizi mbili ndiyo kipimo changu. Moja inacheka tendo, nyingine inacheka kabila. Ninyi wa mashirika, mkichora bango la kutuelimisha, jiulizeni kama mmechora jambo au mmechora "mkimbizi" asiyejua kunawa mikono. Na sisi tulioingia kambini zamani, tunaocheka lafudhi ya waliofika wiki hii na kuwasukuma nyuma kwenye foleni ya maji, Keppler ametuchora pia. Tuko pale bandarini, mikono juu.